Nimeanza meditesheni mara tano na kuacha mara tano: je, tatizo ni mimi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 36, nafanya kazi ya ofisini na nina mtoto wa miaka mitatu. Ndani ya miaka miwili nimeanza meditesheni mara tano na mara tano nimeacha. Kila nikianza naanza kwa nguvu, dakika 20 kila asubuhi, na ikifika wiki ya pili au ya tatu naishiwa. Mara ya mwisho nilitumia programu ya simu inayohesabu siku mfululizo, nikafika siku ya 31. Mtoto akaugua, nikakosa siku mbili, hesabu ikarudi sifuri, na tangu hapo sijaweza kuanza tena. Kusema kweli hata nikikaa, akili inazurura mwanzo mpaka mwisho, au nasinzia. Nikae dakika ngapi? Asubuhi au usiku? Ninunue ule mto maalumu wa kukalia? Au labda kuna watu hawakuumbwa kwa jambo hili na mimi ni mmoja wao?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana naona ndilo lililokusukuma kuandika. Hayo mengine umeyatanguliza kwa adabu tu.

Huna kasoro. Nimefundisha watu kukaa kimya kwa zaidi ya miaka 20, na hayo maneno yako, kwamba akili inazurura mwanzo mpaka mwisho, nimeyasikia kwa karibu kila anayeanza, tena kwa sauti ileile ya mtu anayeungama kosa. Mafundisho ya kale ya Kibudha yanataja vikwazo vitano vinavyomsumbua anayekaa: tamaa, chuki, uzito wa mwili na usingizi, akili kuhangaika, na mashaka. Soma tena barua yako. Umehangaika, umesinzia, na sasa una mashaka kama jambo hili ni lako. Vitatu kati ya vitano umevitaja mwenyewe bila kuulizwa, na ni mambo ambayo watu wamekuwa wakiyalalamikia kwa zaidi ya miaka 2,000.

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye lugha. Wengi wetu tunaiita kazi hii kutafakari, na kutafakari kwa Kiswahili ni kulichukua jambo ukaliwaza kwa kina, ukaligeuza upande huu na upande ule. Mwambie mtu "kaa utafakari", ataketi na kuanza kuwaza. Mwambie "tuliza akili", ataketi na kuanza kupigana na kila wazo linalopita. Wote wawili watainuka wamechoka. Meditesheni ya pumzi, ambayo nafikiri ndiyo uliyokuwa unafanya, haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Unaweka umakini wako kwenye pumzi. Baada ya muda umakini unaondoka bila kukuaga. Baadaye unashtuka kwamba umeondoka. Unaurudisha. Kazi yote ni hiyo, na inazunguka hivyohivyo kwa mwenye siku moja na kwa mwenye miaka 30.

Hilo la miaka 30 silisemi kukufariji. Mwaka 2012 Wendy Hasenkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwaingiza watu 14 wenye uzoefu wa meditesheni kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Waliwaomba wafuate pumzi kwa dakika 20 na kubonyeza kitufe kila wanapogundua kwamba akili imetoka. Hao walikuwa wazoefu, na bado vitufe vilibonyezwa, tena na tena. Watafiti walichora mzunguko wa hatua nne, yaani kuzurura, kugundua, kurejesha na kutulia kwenye pumzi, kisha kuzurura upya, na kila hatua ilikuwa na sehemu zake za ubongo zilizokuwa kazini. Kama kazi ingekuwa kutozurura, basi wazoefu wale wangekuwa wameshindwa wote.

Na nje ya meditesheni hali ni ileile. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 walioulizwa kupitia simu, kwa nyakati zisizotabirika, wanafanya nini na wanawaza nini. Takriban asilimia 47 ya nyakati, mtu alikuwa anawaza kitu kingine kabisa kuliko alichokuwa akifanya. Nusu ya maisha ya macho hupita hivyo. Sasa wewe umekaa kitini, hufanyi chochote, umeipa akili uwanja mtupu, ungetarajia isizurure?

Kwa hiyo zile nyakati ulizoshtuka ukasema "aa, nimepotea tena" ndizo hasa ulizokuwa ukifanya zoezi. Ulipotea mara 40 ukagundua mara 40? Umefanya mara 40. Nakuomba ulichukue hili kwa uzito kabla hatujafika kwenye dakika na saa, kwa sababu naamini ndilo lililokuwa linakuangusha kila ilipofika wiki ya pili. Mtu akiinuka kila asubuhi kutoka kwenye jambo analoamini kwamba ameshindwa, hachukui muda kupata sababu ya kutolirudia. Hakuna nia inayodumu mbele ya aibu ya kila siku. Utalaumu usingizi, utalaumu kazi, lakini ukweli ni kwamba ulikuwa unakwenda mahali unapojihukumu, na mwili wako ukaanza kukwepa. Basi badilisha kipimo. Siku uliyokaa ni siku iliyofanikiwa, hata kama dakika zote uliwaza orodha ya kazi. Usijipe alama za utulivu. Siku nyingine utatulia na siku nyingine hutatulia, na hilo huliamui wewe. Unachoamua ni kukaa.

Sasa tuje kwenye zile siku 31, maana nimeona zimekuuma.

Umewahi kuambiwa kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21? Wengi wameambiwa. Chanzo chake mashuhuri ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Lile "angalau" likadondoka njiani, na sura mpya ikageuka kuwa tabia yoyote ile. Kilichopimwa kweli ni kingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifunga na tukio fulani la siku yake. Muda wa kati wa kufikia hali ya kulifanya bila kujisukuma ulikuwa siku 66. Mwepesi kuliko wote alikadiriwa siku 18, mzito kuliko wote siku 254. Na matendo ya mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi kuliko yale ya kunywa na kula.

Angalia ulikosimama basi. Siku ya 31, kwa tendo zito la dakika 20, pengine hukuwa hata nusu ya njia. Ulikuwa bado unajisukuma kwa mkono, na mtoto akaugua. Sioni ajabu hapo, wala sioni udhaifu.

Lakini kitu kikubwa zaidi katika utafiti ule ni hiki: mtu alipokosa siku moja, kujengeka kwa mazoea hakukuharibika kwa kiasi cha kuzungumziwa. Mstari ulishuka kidogo na siku iliyofuata ukaendelea na safari yake. Simu yako ndiyo iliyorudi sifuri. Ubongo wako haukurudi. Kiswahili chenyewe kinalisema jambo hili vizuri, kwamba zoezi na mazoea ni watoto wa shina moja, kuzoea. Kilichokwisha kuzoeleka hakifutwi na homa ya mtoto ya siku mbili.

Kilichokuangusha ni siku ya tatu. Hebu ikumbuke. Mtoto amepona, nyumba imetulia, una nafasi ya kukaa, unafungua simu, unakuta sifuri badala ya 31. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alichunguza watu waliokuwa wakijaribu kuacha pombe, akaona kwamba mteremko mmoja mdogo hugeuka kuwa anguko kamili kutokana na maana ambayo mtu anaupa. Akisema "leo mambo yalinizidi", anaendelea. Akisema "nilijua tu, mimi ndivyo nilivyo", anaanguka mpaka chini. Wewe ulijisomea namba kwenye simu kama hukumu juu ya nafsi yako, na hukumu hiyo umeibeba mpaka kwenye barua hii: labda sikuumbwa kwa jambo hili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mwanangu. Mhunzi anatafuta koleo jingine na moto bado unawaka.

Kwa hiyo kabla hujaanza mara ya sita, panga kwanza utakavyorudi. Hili huwa silioni kwenye maelekezo mengi, na kwangu ndilo la kwanza. Watu hupanga mwanzo tu, kana kwamba hawatakosa kamwe, na wakikosa wanajikuta hawana njia ya kurudia. Wewe utakosa. Mtoto ataugua tena, utasafiri, utakuwa na wiki mbaya ofisini. Andika leo, ukiwa mzima na mwenye nia, kikao chako cha kurudi kitakuwaje. Mimi nawapa wanafunzi wangu pumzi tatu. Siku ya kurudi unakaa mahali pako palepale, unafumba macho, unavuta na kutoa pumzi tatu ukizifuata, unainuka. Imetosha kwa siku hiyo. Usilipe deni la siku zilizopita kwa kukaa dakika 40, kwa sababu deni ndilo linalomfanya mtu aahirishe kurudi mpaka apate muda wa kulilipa, na muda huo haupatikani.

Utaona kwamba ni lilelile unalofanya ukiwa umekaa. Umakini uliondoka, umegundua, umeurudisha bila kuugombeza. Siku zimepita, umegundua, umerudi bila kujigombeza. Mtu anayejifunza kurudi kwenye pumzi kwa upole anajifunza pia kurudi kwenye kiti chake, na anayejichapa kwa kila wazo lililopita atajichapa kwa kila siku iliyopita. Ndiyo maana nilikataa kuanza na dakika.

Sasa asubuhi au usiku. Sina upande. Wanaosifu asubuhi wana hoja, kwamba siku haijaanza kukuvuta huku na huku. Ila asubuhi yako si yako. Ni ya mtoto wa miaka mitatu, na mtoto huyo haamki kwa kufuata saa yako. Mpango wako wa dakika 20 za asubuhi ulikuwa umesimama juu ya usingizi wa mtu mwingine. Usiku nao, mtoto akishalala, unabaki na mwili ambao nao unataka kulala. Kwa hiyo swali la asubuhi au usiku naliweka pembeni na kukuuliza jingine: ni kitu gani unafanya kila siku, bila kukosa, hata siku ambayo mtoto ana homa?

Kwa siku tatu usikae kabisa. Jichunguze tu. Andika vitu unavyofanya bila kuamua kuvifanya. Kupiga mswaki. Kuoga. Kuvua viatu ukifika nyumbani. Kuketi mbele ya meza yako ya kazi kabla hujawasha kompyuta. Kumlaza mtoto na kuvuta mlango wake. Kisha chagua kimoja, na ukichague kwa ukali. Kitu chenyewe kiwe na mwisho unaoonekana. Mwanafunzi wangu mmoja alihangaika miezi mitatu na mpango wa kukaa "nikirudi kutoka kazini". Hakukaa hata wiki moja nzima. Kurudi kutoka kazini si tukio, ni mto mrefu: unaingia, unasalimia, unaweka mzigo, unaulizwa jambo, unajibu, simu inalia, jua limezama. Tulipobadilisha ikawa "nikishavua viatu vyote viwili", na kwamba kiti kiwe hapohapo karibu na viatu, akakaa. Nia ilikuwa ileile na mtu yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na sekunde moja inayosema: sasa.

Angalia pia kama tukio lako lipo siku zote saba. Meza ya ofisini ni mahali pazuri sana, lakini Jumamosi haipo, na kwa anayeanza, siku mbili za pengo kila wiki ni nyingi. Angalia mikono yako, kwamba baada ya tukio hilo iko huru na haijashika simu. Simu ikishaingia mkononi, dakika zako za kukaa zimeshapata mwenyewe. Kwa mtu mwenye mtoto mdogo mimi huelekea kwenye mswaki wa usiku au wa asubuhi, kwa sababu unapigwa hata kukiwa na ugonjwa, unafanyika kwenye chumba chenye mlango, na una mwisho wake, pale mswaki unaporudi mahali pake. Lakini wewe ndiwe unayeijua nyumba yako.

Ukishachagua, andika sentensi moja kamili, kwa mkono, na iwe na umbo hili: "Nikisharudisha mswaki mahali pake, nitaketi kwenye kile kiti na kufuata pumzi kwa dakika mbili." Inaweza kuonekana kama kazi ya mtoto wa shule. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza mipango ya namna hii ya "likitokea hili, nitafanya lile", na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94. Waliopanga hivyo walitimiza malengo yao zaidi, kwa tofauti isiyo ndogo, kuliko waliobaki na nia njema peke yake. Sababu yake inaeleweka. Nia inakutaka ukumbuke na uamue upya kila siku, na uamuzi wa kila siku ni mnada ambao uchovu hushinda mara nyingi. Sentensi ile inaukabidhi uamuzi kwa mswaki.

Umeona nimeandika dakika mbili. Najua mtu aliyezoea kuanza na 20 anaona kama anadharauliwa. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kuna wanaouza dakika mbili kama dawa kamili na mimi si mmoja wao. Dakika mbili hazitabadilisha wasiwasi wa mtu. Zinanunua kitu kimoja tu, nacho ni kukaa kila siku. Kikipatikana hicho, dakika huongezeka zenyewe. Kikikosekana, hizo 20 zako zimeshakuonyesha zinafika wapi.

Kuhusu kiasi kinachofanya kazi, yapo ya kusema. Julia Basso na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York waliwachukua watu wasio na uzoefu, kundi moja likafanya meditesheni ya kuongozwa dakika 13 kila siku, jingine likasikiliza vipindi vya sauti vya kawaida kwa muda uleule. Baada ya wiki 4 hakukuwa na tofauti ya maana. Baada ya wiki 8, waliokaa walikuwa na hali bora ya hisia, umakini na kumbukumbu, na wasiwasi ulikuwa umepungua. Nawapenda watafiti wale kwa kupima mara mbili, kwa sababu wiki ya nne ndipo wengi hujiuliza mbona hakuna kinachobadilika, na wewe hujawahi kupita hapo ila kwa siku chache. Programu ya kupunguza msongo wa mawazo kwa meditesheni aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts iliwataka watu wakae dakika 45 nyumbani karibu kila siku, ambazo ni nyingi, na wengi waliziweza. Ila walikuwa na mwalimu, kundi la kukutana nalo kila wiki, na mara nyingi maumivu makali yaliyowaleta pale. Wewe uko peke yako na mtoto mgongoni. Usijipime na watu wale.

Na usitarajie miujiza. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waliona nafuu ndogo hadi ya wastani kwa wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakuona ushahidi kwamba meditesheni inazidi tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Nafuu ya kiasi hicho ni kitu kizuri sana kwa jambo linalokuhitaji kiti tu, lakini aliyeahidiwa maisha mapya ataiona ndogo na ataacha. Ni bora uingie ukijua ukubwa wa kitu chenyewe.

Basi fanya hivi. Wiki mbili za kwanza ni dakika mbili, na hata ukijisikia vizuri, inuka. Inuka ukiwa bado unataka. Baada ya hapo, siku ambayo kengele inalia nawe unatamani kubaki, baki dakika moja au mbili zaidi. Kwa njia hiyo watu wengi hufika 10 au 15 ndani ya miezi michache bila kujilazimisha. Lakini zile mbili zibaki kuwa sakafu yako siku zote, hata ukifika 30. Siku ya homa unakaa mbili na siku yako imetimia. Mtu asiye na sakafu anakuwa na machaguo mawili tu, dakika 20 au sifuri, na sifuri hushinda.

Ukiwa kwenye kiti, miguu yote miwili iguse chini, mgongo usiegemee, mikono mapajani. Tafuta mahali unapoihisi pumzi waziwazi, puani au tumboni, ubaki hapo. Ukipenda, hesabu kila unapotoa pumzi, moja mpaka kumi, halafu anza tena. Ukijikuta kwenye kumi na saba, cheka kidogo urudi kwenye moja. Sina la kuongeza hapo. Watu hutafuta mbinu mpya kila wiki kwa sababu mbinu ni rahisi kuliko kukaa.

Usingizi ndio wenye mambo mawili ndani yake. Kwanza huenda ni deni halisi. Mzazi wa mtoto mdogo anayesinzia kila akifumba macho anahitaji kulala, na kama una dakika 20 za bure na hujalala vizuri kwa wiki nzima, lala. Nasema hivi kama mwalimu wa meditesheni na sioni haya. Pili, kama umelala vya kutosha na bado unasinzia, basi acha kukalia kitanda, fungua macho nusu ukitazama sakafu hatua chache mbele yako, au simama. Meditesheni ya kusimama nayo ni meditesheni, na inahesabika. Unaweza hata kutembea polepole chumbani, ukifuata nyayo badala ya pumzi.

Mtoto akiingia katikati, mpokee. Usimfukuze kwa ishara ya kidole huku umefumba macho. Mkalishe mapajani kama anataka, fuata pumzi yake kwa muda uliobaki, au inuka tu ukamhudumie. Siku hiyo umekaa. Nakumbuka mama mmoja aliyeniambia kwa huzuni kwamba mwanawe amejifunza kuichukia meditesheni yake. Tulipoondoa ule mlango uliofungwa kwa ufunguo, wivu wa mtoto ukaisha.

Jambo moja la tahadhari, na sitaki lipite harakaharaka. Kwa baadhi ya watu kufumba macho na kukaa kimya huleta hofu kali, kumbukumbu za mambo mabaya yaliyowapata, au hisia ya kujitenga na mwili wao. Si udhaifu na wala si hatua ya lazima ya kuvumilia. Likikupata, fungua macho, sikia miguu sakafuni, taja vitu unavyoviona chumbani, na usimamishe vikao mpaka uzungumze na daktari au mshauri nasaha. Vivyo hivyo kama sasa hivi una sonona nzito, anza na daktari, halafu kiti.

Mto usinunue bado. Nimeona mito mingi mizuri ikigeuka kuwa ukumbusho wa kuacha, imekaa pembeni ya chumba inamtazama mwenyewe kila siku. Kiti kinatosha kwa miaka mingi. Programu ya simu unaweza kubaki nayo kwa ajili ya kengele, lakini ile hesabu ya mfululizo izime, na kama haizimiki, tumia kengele ya kawaida ya simu. Badala yake chukua kalenda ya karatasi, uibandike karibu na mswaki, na kila siku uliyokaa, hata kwa pumzi tatu, uchore alama. Siku uliyokosa iache nyeupe bila kuandika kitu. Mwezi ukiisha hesabu alama zote kwa pamoja, usitazame zimefuatana au zimeachana, kisha uniandikie idadi yake. Hata ikiwa tisa, niandikie, tuanzie hapo kupanga mwezi wa pili.